Gari la Kale Linapokataa Kuwaka: Kutofautisha Hitilafu ya Uwashaji na Gasketi Iliyoungua

Gari la kale likisumbua kuwaka asubuhi mbili mfululizo, na wiki hiyohiyo maji ya rejeta yakaonekana yamepungua, mwenye gari huamua upesi kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Mara nyingine huwa ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, ni hitilafu mbili zisizohusiana, kwa mfano kondensa (kifaa kidogo cha umeme cha distribyuta) iliyochoka na pampu ya maji inayovuja kidogo kidogo, ambazo zimekutana kwa bahati mbaya na kupewa jina moja. Kufungua hedi ya injini iliyokaa miaka hamsini bila kuguswa ni kazi ngumu inayoweza kukatisha stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshika hedi) na kuharibu nyuzi za bloku, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipimo visivyohitaji kufungua chochote, ukimalizia na vile vinavyokuacha ukiwa na hakika kabla spana haijagusa nati ya kwanza ya hedi. Unahusu injini ya petroli yenye kabureta, distribyuta ya pointi (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) na mfumo wa kupozwa kwa maji. Mwenye Volkswagen Beetle atanufaika na nusu ya kwanza tu, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa.

Kabla ya kupiga stata tena

Kuna onyo moja linalotangulia mengine yote. Ikiwa ulipopiga stata injini ilizunguka kidogo kisha ikagota ghafla, kana kwamba imegonga ukuta, usijaribu tena. Huenda maji yamevuja usiku na kujaa juu ya pistoni, na kwa kuwa maji hayagandamiziki kama hewa, jaribio la pili linaweza kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Toa plagi zote, geuza injini polepole kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki, uangalie kama maji yatatoka katika tundu mojawapo. Yakitoka, umeshajua mahali pa kuelekea. Kausha silinda, tia oili kidogo ili ringi zisishike kutu, kisha ruka hadi sehemu ya vipimo vya gasketi.

Ikiwa injini inazunguka bila kugota, jiulize inakataa kuwaka katika hali gani. Injini inayosumbua ikiwa baridi tu ina hitilafu tofauti kabisa na ile inayowaka vizuri asubuhi lakini hukataa baada ya kusimama dakika kumi na tano ikiwa na joto. Injini inayowaka ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye stata, kisha ikazima mara tu ufunguo unapoachwa, karibu kila mara ina tatizo la umeme wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri ili utoe cheche. Na injini inayowaka kwa silinda tatu, ikitetemeka na kutoa moshi mweupe kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, ndiyo inayostahili kushukiwa gasketi. Andika majibu haya katika karatasi. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka na gari lake haiaminiki sana.

Umeme: kuanzia betri hadi cheche

Betri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa inapaswa kusoma takriban volti 12.6. Kipimo hicho peke yake hakitoshi; weka voltimita kwenye vichwa vya betri wakati msaidizi anapiga stata, na ukiona imeshuka chini ya volti 9.6 hivi, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Kisha pima upotevu wa umeme njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri cha upande uliofungwa kwenye bodi, si kwenye kibanio chake, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu piga stata. Upotevu unaozidi volti 0.3 upande huo unaonyesha waya wa bodi uliooza au uliofungwa juu ya rangi. Katika magari yaliyorekebishwa bodi na kupakwa rangi upya, kasoro hii ni ya kawaida mno, na imewafanya watu wengi wanunue stata mpya bila sababu. Kumbuka pia kwamba magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi, kwa hiyo hakikisha mpangilio huo kabla ya kuunganisha betri ya msaada.

Stata ikizunguka kwa nguvu, tafuta cheche. Tumia kipima cheche, au plagi ya ziada iliyoshikiliwa imara kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia kwa mkwaruzo unaosikika. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa hushindwa nguvu mara inapokutana na mgandamizo ndani ya silinda, hata kama nje ilionekana inatosha.

Ikiwa cheche ni dhaifu, fungua kifuniko cha distribyuta. Mwanya wa pointi katika injini nyingi za silinda nne za wakati ule ni kati ya milimita 0.35 na 0.40, na mwanya wa plagi ni karibu milimita 0.6, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pointi zilizochimbika upande mmoja na kuota kilima upande wa pili zinaashiria kondensa isiyofaa. Zima taa ya gereji, piga stata na utazame pointi zenyewe: mmuliko mkubwa kati ya pointi kila zinapofunguka ni dalili kwamba kondensa haifanyi kazi yake. Kagua ndani ya kifuniko kwa kutafuta ufa mwembamba wenye masizi, na kagua rota pia. Usidhani kwamba kipuri ni kizima kwa sababu ni kipya. Kondensa mpya zimekuwa zikifa mapema kiasi kwamba mafundi wengi huweka akiba ile ya zamani iliyokuwa bado inafanya kazi.

Koili ya kawaida isiyotumia balasti (kizuizi cha umeme) huwa na ukinzani wa takriban ohmu 3 katika mzunguko wake wa kwanza, na ile ya balasti huwa karibu nusu ya hapo. Katika mfumo wenye balasti, koili hupata umeme kamili wa betri wakati wa kupiga stata tu, kisha hupitishiwa kizuizi injini ikishawaka. Waya wa kupita kando ya kizuizi, unaoleta umeme huo kamili, ukikatika, gari huwaka kwa shida. Kizuizi chenyewe kikikatika, gari huwaka na kuzima ufunguo unapoachiwa.

Petroli na hewa

Gari lililokaa wiki mbili bila kuwashwa huwa limepoteza petroli yote iliyokuwa katika bakuli la kabureta kwa kukauka, na pampu inayoendeshwa na kamshafti huhitaji mizunguko mingi kulijaza tena. Huo si ugonjwa. Ili kuhakikisha kwamba petroli inafika, fungua kifuniko cha bakuli utazame, badala ya kukanyaga pedeli bila kuhesabu mpaka plagi zilowe. Plagi zikiwa zimelowa, kanyaga pedeli hadi chini, uishikilie hapo bila kuipampu, kisha piga stata ili hewa ikaushe silinda.

Kwa injini inayokataa ikiwa na joto, mshukiwa wa kwanza ni petroli iliyochemka. Joto la injini iliyozimwa hupanda kwenye kabureta kwa dakika kadhaa, petroli katika bakuli huchemka na kumwagika kwenye manifoldi, na petroli ya siku hizi yenye ethanoli huongeza tabu hiyo kwa sababu huchemka mapema kuliko ile ambayo magari haya yalitengenezewa. Kipande cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi ya moshi, ambacho watu hukitoa na kukisahau, kina umuhimu kuliko kinavyoonekana. Sindano ya boya isiyofunga vizuri huleta dalili hizohizo, na hutambulika kwa harufu ya petroli na unyevu kwenye mdomo wa kabureta.

Tapeti, yaani virekebishi vya nafasi ya vali, zilizokazwa mno huleta hali inayofanana. Vali ya moshi ikipata joto hurefuka, na ikikosa nafasi hushindwa kufunga kabisa, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ikapotea. Pima tapeti kabla ya kupima kompresheni, la sivyo utailaumu gasketi kwa kosa la vali.

Kompresheni: kipimo kinachotenganisha njia

Hadi hapa tumeshughulikia mambo yanayofanya injini nzima isiwake. Sasa tunaingia katika kipimo ambacho, kwa maoni yangu, mwenye gari la kale anapaswa kukifanya kila mwaka hata kama gari halina shida, kwa sababu thamani yake kubwa iko katika kulinganisha na namba za mwaka uliopita.

Injini iwe na joto la kazi, ikiwezekana. Tenganisha waya mwembamba wa koili ili isitoe cheche, toa plagi zote, fungua choki, na msaidizi akanyage pedeli hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Piga stata kwa mipigo 5 au 6 kwa kila silinda, ukihesabu sawasawa, na betri iwe imejaa, kwani stata inayochoka njiani itaifanya silinda ya nne ionekane mgonjwa. Injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 8 au 9 kwa 1 kwa kawaida husoma kati ya bari 9 na 12. Namba kamili haina uzito kama tofauti: silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, kuna jambo la kutafuta.

Tazama mpangilio wa upungufu. Silinda moja yenye kipimo cha chini inaweza kuwa na vali iliyoungua, ringi zilizokufa, au gasketi iliyopasuka kuelekea kwenye maji. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, hali nyingine zikiwa sawa, ni ushahidi mzito kwamba gasketi imeungua katika ukuta mwembamba ulio kati yake, kwa sababu pistoni moja inapopanda hewa yake huvujia kwa jirani. Katika injini ya A-series ya Mini na Morris Minor, silinda ya 2 na ya 3 hutolea moshi kupitia tundu moja la katikati, eneo hilo hupata joto kubwa kuliko mengine, na hapo ndipo gasketi huungua kwa kawaida. Gari la namna hiyo huwaka kwa shida, hutetemeka likiwa silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa pedeli), na huenda lisipoteze hata tone la maji. Wengi wamebadilisha kabureta nzima kwa kudhani kwamba gasketi haiwezi kuungua bila maji kupotea.

Kwa silinda iliyo chini, mimina oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda waziwazi, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba mwanya wao kwa muda. Kisipobadilika, tatizo liko juu: vali au gasketi.

Ili kutenganisha hizo mbili, pandisha pistoni ya silinda hiyo hadi juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, ukiwa umeondoa spana kwenye krenki kwa sababu injini inaweza kuruka na kuizungusha kwa nguvu. Halafu sikiliza. Hewa ikipumua kwenye kabureta, vali ya kuingizia inavuja. Kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi. Ikitokea tundu la plagi la jirani, au maji ya rejeta yakianza kutoa mapovu, gasketi imeungua au chuma kina ufa.

Kuifuata gasketi yenyewe

Gasketi ya hedi hutenganisha vitu vitatu: moto wa silinda, maji na oili. Inaweza kufunguka kati ya chochote na chochote, au kuelekea nje, na kila njia ina dalili zake. Ndiyo maana si sahihi kutegemea dalili moja maarufu.

Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ndiyo dalili inayowaogopesha watu kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Injini inayotumika kwa safari fupi katika hali ya baridi hukusanya mvuke wa maji pale juu bila gasketi kuwa na kosa. Kinachohesabika ni oili iliyo kwenye kijiti cha kupimia: ikiwa nayo imegeuka maziwa, au kiwango chake kinapanda chenyewe, maji yanaingia kweli, na injini hiyo isiwashwe tena, kwa kuwa oili ya namna hiyo haizilindi beringi. Hali kadhalika moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu ikiwa unatoweka bomba likipata joto. Unaoendelea baada ya hapo, wenye harufu tamutamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), ni habari nyingine.

Dalili ninayoiamini zaidi huonekana kwenye plagi. Zipange kwa utaratibu wa silinda zake na uzitazame pamoja. Plagi moja iliyong'aa kana kwamba imeoshwa, wakati wenzake wana rangi ya kahawia, inatoka katika silinda inayopata maji, kwani mvuke umeisafisha.

Baada ya macho, vifaa. Pampu ya mkono ya kupimia rejeta hufungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, na kupandishwa hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko hicho na si zaidi, kwani rejeta na rejeta ndogo ya hita za magari haya hazikuumbwa kwa shinikizo la magari mapya. Iache kwa saa moja au mbili. Sindano ikishuka, kagua kwanza nje: mipira ya maji, tundu la kutolea chini ya pampu ya maji, zulia la abiria chini ya hita, na vizibo vya bati vilivyo pembeni na nyuma ya bloku. Mimi niliwahi kufungua hedi nikakuta gasketi ni nzima kabisa. Maji yalikuwa yakivuja kupitia kizibo cha nyuma ya injini, yakikauka juu ya chuma cha moto kabla ya kudondoka. Nisingepoteza siku mbili kama ningeingiza mkono na kioo kidogo kule nyuma. Ikiwa nje kote ni kukavu, toa plagi, piga stata huku shinikizo likiwepo, na utazame ni tundu gani linalotema maji.

Kwa gasketi inayovuja kuelekea kwenye maji injini ikiwa inafanya kazi tu, fanya hivi: injini ikiwa baridi, ondoa feni belti ili pampu isizungushe maji, jaza rejeta hadi ukingoni, washa injini na utazame maji kwa muda usiozidi dakika moja. Mapovu yanayotoka mfululizo wakati maji bado ni baridi hayawezi kuwa mvuke. Ni moshi wa silinda. Ukitenganisha waya wa plagi moja baada ya nyingine, ukiuweka kwenye chuma ili koili isidhurike, mapovu yatapungua utakapoigusa silinda yenye kosa. Ukitaka uthibitisho zaidi, kuna kimiminika cha buluu ambacho hugeuka manjano hewa ya juu ya maji ya rejeta inapovutwa kupitia ndani yake na kukutana na kaboni dayoksaidi. Punguza maji ya rejeta kwanza, kwani yakivutwa ndani ya kifaa yataharibu kipimo.

Mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu dakika mbili baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto, unaeleza habari hiyohiyo bila kifaa chochote. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ikiwa injini ina joto.

Hedi ikilazimika kufunguka

Gasketi haiungui bila sababu. Kabla ya kununua nyingine, tafuta kilichoiunguza: rejeta iliyoziba nusu, themostati isiyofunguka, taiming iliyowekwa mbele mno hadi injini ikawa inagonga, au kulanti ambayo haikubadilishwa kwa miaka mpaka alumini ikaliwa na kutu. Triumph Stag, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, ilijipatia sifa mbaya ya kuchemsha, na sehemu ya vifungio vya hedi zake ni stadi zilizolala kwa pembe ambazo hushikwa na kutu ndani ya alumini kiasi kwamba kuitoa hedi huwa kazi ya siku kadhaa. Injini zenye laina (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji, kama za Triumph TR2 hadi TR4 au Peugeot 404, zinadai jambo jingine: hedi ikishatoka, usizungushe krenki kabla ya kubana laina kwa vibanio, kwa sababu zikinyanyuka, muhuri wao wa chini huharibika na maji yataingia kwenye oili hata ukiweka gasketi mpya.

Legeza nati kwa hatua, kinyume cha mpangilio wa kukaza, injini ikiwa imepoa kabisa. Weka pushrodi (fito zinazosukuma roka ili vali zifunguke) kwa utaratibu katika kadibodi iliyotobolewa. Gasketi za zamani zaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo zilowanishe kabla ya kukwangua na usitumie brashi ya mashine inayotimua vumbi. Soma gasketi uliyoitoa kama barua: mstari mweusi unaokatiza ukuta kati ya silinda mbili unapaswa kulingana na kipimo chako cha kompresheni, na usipolingana, tafuta ufa kwenye chuma. Weka rula nyoofu juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, ukijaribu kupitisha fila geji chini yake. Ya milimita 0.1 ikipita, hedi nyingi huhitaji kusawazishwa. Omba ipimwe ufa kwa shinikizo kabla ya kusawazishwa, ili usilipie usafi wa chuma kilichokwisha kufa.

Wakati wa kufunga, kausha matundu ya boliti kwa hewa, kwani oili au maji yaliyobaki chini ya boliti huweza kupasua bloku. Zingatia alama ya upande wa juu na wa mbele kwenye gasketi. Kaza kutoka katikati kuelekea nje kwa awamu tatu, kwa spana ya torki na namba za mtengenezaji. Jaza maji polepole vali ya hita ikiwa wazi ili hewa itoke, washa injini hadi ipate joto, kisha iache ipoe usiku kucha. Ikiwa aina ya gasketi yako inadai kukazwa tena, ikaze asubuhi hiyo na tena baada ya kilomita mia kadhaa, na kila mara upime tapeti upya, kwa kuwa hedi inayoshuka hata kwa sehemu ya milimita huzishusha roka karibu na pushrodi na kula nafasi ambayo vali inahitaji ili ifunge.